Mwanasiasa akiionyesha kura yake hadharani, kuna ubaya gani?

Msomaji wa Tanga

Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Tarehe 26 Septemba 2021, siku ya uchaguzi mkuu wa Ujerumani, Armin Laschet, mgombea ukansela wa CDU, alipiga kura mjini Aachen akaikunja karatasi yake kinyume, alama zikabaki nje na wapiga picha wakazinasa. Alikuwa amekipigia chama chake. Kanuni za kule zinataka karatasi iliyokunjwa hivyo ikataliwe na mpiga kura apewe nyingine, lakini yake ilikwisha kutumbukia sandukuni, na ofisi ya msimamizi mkuu wa uchaguzi ikaeleza kwamba mwanasiasa mashuhuri kukipigia chama chake, kama ilivyotarajiwa, si kuwashawishi wapiga kura. Yule alikosea kukunja tu. Mimi nauliza kuhusu wanaoonyesha kwa makusudi. Ikiwa kila mtu anajua mgombea atajipigia mwenyewe, siri ni ya nini? Na kura si mali yake?

Mwalimu wa Uraia, Kisumu

Ndugu yangu wa Tanga, kura ni yake, ila siri si yake peke yake. Uingereza, kabla ya sheria ya mwaka 1872, mpiga kura alitamka jina la mgombea mbele ya watu na karani akaliandika, huku mwenye shamba anamolima au bwana anayempa kazi akisikia. Siri ilikuja kumkinga huyo mnyonge. Ikigeuzwa kuwa hiari, kinga imekwisha, kwa sababu bwana yule atamwuliza kibarua wake, "Kama huna la kuficha, mbona hutaki kuonyesha?"

Sisi Kenya tuliyaona haya mwaka 1988, KANU, chama pekee kilichoruhusiwa wakati ule, ilipoteua wagombea wake kwa mlolongo. Watu walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala aliyeshika picha yake, machifu na waajiri wakitazama nani amesimama wapi, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa amepita bila kupingwa. Mahali ambapo aliyetangazwa mshindi ndiye aliyekuwa na foleni fupi, hapakuwa na karatasi hata moja ya kuhesabu upya, kwa maana watu walikwisha kwenda nyumbani. Chama chenyewe kiliuacha utaratibu huo mwaka 1990, na Katiba ya 2010, Ibara ya 81, inataka uchaguzi ufanywe kwa kura ya siri. Kiongozi anayeinua karatasi yake mbele ya kamera anaturudisha kwenye foleni ile, hata kama hakukusudia.

Karani Mstaafu, Morogoro

Mwalimu ameeleza ya historia, nami naongeza ya kituoni. Nimewahi kufanya kazi hiyo, na mhusika sitamtaja. Mheshimiwa aliingia na wapiga picha wake, akapewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, akaingia kwenye kituturi, kisha alipofika kwenye masanduku akaikunjua moja na kuishika usawa wa kifua mpaka picha zikapigwa. Mawakala wa vyama vyote walinyamaza. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake alipofika mezani aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, na sisi tunatakiwa kuonyesha?" Nilimjibu hapana, akunje vizuri. Wasiwasi wangu ulikuwa kwa wale walioona na hawakuuliza.

Tena, si kweli kwamba kura yake inajulikana. Ya ubunge labda. Je, ya udiwani, ikiwa aliyeteuliwa ni yule waliyegombana naye kwenye kura za maoni za ndani ya chama? Siri inamruhusu na yeye kufuata dhamiri bila kuitwa msaliti. Kisha matokeo hubandikwa kituo kwa kituo: vigogo wa mtaa wakijitangaza mmoja baada ya mwingine, na mgombea fulani akapata kura tatu tu pale, watu wataanza kutafuta hao watatu ni akina nani, na kila anayejitangaza anawapunguzia wenzake pa kujificha.

Msomaji wa Tanga

Nimewaelewa, na la mama yule limenigusa. Linabaki moja: je, mbunge naye afiche kura yake bungeni?

Mwalimu wa Uraia, Kisumu

Hapana, kwa kawaida asifiche. Kituoni anapiga kura yake kama raia. Bungeni anapiga kwa niaba yetu, nasi lazima tujue alichofanya na dhamana tuliyompa. Panapokuwa na hofu ya kweli ya kuadhibiwa na chama inaweza kuwa vingine: mwaka 2017 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema Spika ana mamlaka ya kuamua kura ya kutokuwa na imani na Rais ipigwe kwa siri, na Agosti mwaka huohuo ikapigwa hivyo, Jacob Zuma akanusurika kwa kura 198 dhidi ya 177.

Siku ya uchaguzi kamera zina mengi ya kuonyesha bila kugusa siri: mheshimiwa amepanga foleni kama wenzake, amechovya kidole kwenye wino, ametumbukiza karatasi iliyokunjwa. Akiulizwa amempigia nani, ajibu kwamba hilo haliulizwi, na ajibu kwa sauti ambayo walio nyuma yake kwenye foleni wataisikia.