Halloween ya 2020 na hii korona: watoto waende kuomba pipi au wakae ndani?

Mama Wawili (Columbus, Ohio, Marekani): Habari zenu jamani. Tarehe 31 Oktoba ndo hiyo, Jumamosi, na wanangu hawana wimbo mwingine zaidi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba pipi wakiwa wamevaa mavazi ya kuigiza, mdogo keshasema atavaa kama simba. Sasa mimi hapa naishi na mama mkwe, ana sukari na presha, naogopa wasije wakamletea ugonjwa ndani. Kuwanyima kabisa nako roho inaniuma maana tangu Machi wako kwenye kompyuta tu, hawajacheza na wenzao. Nyie mnafanyaje?

Nesi wa Usiku: Pole dada. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee, nimeona korona inavyomwangusha mtu mwenye sukari, kwa hiyo sikufichi. CDC, wale wa serikali wanaoshughulika na kuzuia magonjwa, wameshasema kugonga milango na kuchukua pipi mkononi kwa mwenye nyumba ni hatari kubwa, afadhali pipi zifungwe kwenye vifuko, zipangwe nje mbali na mlango, mtoto anapita anachukua chake anaondoka. Karatasi ya pipi isikutishe sana, kibaya ni pumzi za watu waliobanana barazani wanapiga kelele. Halafu kinyago cha simba sio barakoa! Na usimvalishe vyote viwili, atashindwa kupumua. Mvalishe barakoa ya kitambaa, ichoree pua na sharubu, manyoya mshonee kwenye kofia, simba huyo kakamilika.

Baba Neema: Mi nasema wakae nyumbani. Kwani hii ni Idi au Krismasi? Mwakani ipo, bibi yao wakimpoteza hawampati tena.

Shangazi Dayton: Baba Neema nakuelewa ila hawa wamezaliwa huku, kwao ni sikukuu. Sisi tunaficha pipi uani, giza likiingia kila mtoto na tochi yake anatafuta, wanafurahi mpaka basi. Na kwa watakaokuja kwetu mume wangu kafunga bomba la plastiki kwenye mkono wa ngazi, urefu kama mita mbili, unaachia pipi huku juu inateleza mpaka kwenye mfuko wa mtoto kule chini, kaliona kwa jamaa wa Cincinnati aliyesambaa sana mtandaoni. Usipotaka wageni zima taa ya mlangoni tu, wote wanajua maana yake.

Mama Wawili: Asanteni sana, mmenitua mzigo. Nimeongea na jirani mmoja, atatupangia vifuko nje na mimi nitampangia wa kwake, basi, hatuendi kwingine. Mama mkwe kasema atawaangalia dirishani. Nesi, wakirudi sabuni inatosha?

Nesi wa Usiku: Inatosha, sekunde 20 na maji yanayotiririka. Sanitaiza ibebe ya njiani, iwe na alkoholi asilimia 60 kwenda juu. Na pipi zisiliwe njiani kabisa, maana hapo ndo barakoa zinashuka kidevuni.