Mrejesho: laptopu ya zamani iliyogoma kupokea Windows

Wakuu, nimerudi. Nililalamika kwamba kila nikipiga Windows 10 kwenye laptopu yangu ya mwaka 2009 inakwama njiani: mara asilimia 37, mara 62, mara skrini ya bluu. Wengi mlisema flashi mbovu. Nikatengeneza nyingine, mambo yakawa yale yale.

Aliyenifungua macho ni yule aliyesema nitazame hizo asilimia. Faili likiwa bovu, kazi hukwama karibu palepale kila mara. Ikikwama popote pale, shuku RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Nikaiwasha laptopu kwa Memtest86+, programu ya kupima RAM, nikaenda kulala. Asubuhi nikakuta mistari myekundu ya makosa hadi chini. Nikatoa kipande kimoja cha RAM, kilichobaki kikapita safi. Kile kilichotoka nikakipachika kwenye nafasi hiyo hiyo nzima, nisije nikakisingizia kumbe tundu ndilo bovu. Makosa yakarudi. Kimetupwa.

Windows ikaingia kwa GB 2 zilizobaki. Inajikokota, lakini ipo.

Kesho yake Windows haikuwaka! Hapa nilitamani kulia. Kumbe betri ndogo ya kwenye ubao mkuu wa laptopu, CR2032, ilikuwa imekufa. Nikichomoa chaja, saa inarudi nyuma na BIOS, programu ya ubaoni inayoanzisha kompyuta, inasahau mipangilio yote. Diski ikawa imerudishwa IDE, namna ya zamani ya diski kuwasiliana na kompyuta, wakati Windows niliipiga ikiwa AHCI, namna mpya zaidi. Nimeirudisha AHCI, nimeweka betri mpya, inawaka.

Kamera bado haina draiva, yaani programu ya kuiendesha. Siitumii, ikae hivyo hivyo.