Natunga peke yangu, ubeti wa pili unanigomea. Nitafute mwenza?

Dada_Muheza: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi. Natunga na kuimba. Kiitikio kinanijia vizuri, ubeti wa kwanza pia, ila nikifika wa pili najikuta narudia yale yale kwa maneno mengine. Kuna mpiga gitaa wa kwaya yetu ameniomba tukae tutunge pamoja. Ninachohofia ni wimbo kuacha kuwa wangu, halafu kesho tuje tugombanie pesa. Huu hapa umenikwamisha, mke anamngoja mume aliyesafiri:

*Moyo wangu unaumia, nakungoja kwa huzuni.*

Mliowahi kutunga wawili au zaidi, naombeni ushauri.

Kinanda_Unguja: Marahaba mwanangu. Kaa naye. Kwenye taarabu ni kawaida kabisa shairi kuandika mmoja, muziki akatia mwingine, akaimba wa tatu, na wote wakasema "wimbo wetu". Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa na wenzake kina Maalim Shaaban na Subeti bin Ambari, na sauti ikabaki kuwa ya Siti.
Halafu hesabu mizani, yaani silabi za kila kipande. Kipande chako cha kwanza kina 9, cha pili 8. Ndiyo maana ulimi unajikwaa.

Mzee_wa_Rizimu: Naunga mkono. Mimi ni wa dansi. Mtunzi analeta maneno na sauti mazoezini, solo anatafuta njia yake, besi yake, wapuliza tarumbeta wanaomba nafasi ya kujibu. Bendi ya Mlimani Park, tangu ilipoanza 1978, ilikuwa na watunzi hodari, lakini ilikuwa na Michael Enoch pia wa kupanga vyombo. Msikilize mwenzako hasa pale anapokwambia "hapa sijaelewa". Wewe hadithi nzima unayo kichwani, kwa hiyo pengo hulioni.
Mimi sijaelewa, kwa mfano. Huyo mke anafanya nini akingoja? Usiniambie anaumia.

Dada_Muheza: Anamwekea chakula, baba. Kila usiku.

Mzee_wa_Rizimu: Imba hicho chakula sasa!

Dada_Muheza: Nimejaribu:

*Sahani nimefunika, na mlango sijafunga.*

Kinanda_Unguja: Maashallah. Nane kwa nane. Na ubeti wa pili umeupata humo humo: mlango uko wazi, nani kaingia? Jirani? Mtoto kaamka anauliza baba yuko wapi? Mpelekee huyo mpiga gitaa mstari huu mmoja tu, usiende na wimbo uliokamilika. Ukienda umemaliza, atabaki kukusifia.

Karatasi_Kwanza: Dada, upande wa pesa, andikeni mgawanyo siku hiyo hiyo mnapomaliza wimbo, kabla ya studio. Jina la wimbo, tarehe, nani katoa maneno, nani melodi, asilimia za kila mmoja, sahihi. Kisha sajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kwa majina yote mawili. Msidharau kwa kuwa bado hamjulikani: kwa sheria yetu ya mwaka 1999, kazi ya watunzi wenza inalindwa hadi miaka 50 baada ya kufariki yule wa mwisho. Wajukuu wenu watakuja kuisoma karatasi hiyo.

Dada_Muheza: Asanteni sana, nimepata nguvu. Na prodyuza je? Naye tumgawie?

Karatasi_Kwanza: Inategemea kafanya nini. Akirekodi na kusawazisha sauti, mlipeni ada yake. Akikuimbia melodi ya kiitikio ukaichukua, huyo ni mtunzi, aandikwe. Muulizeni mapema kama biti anaiuza moja kwa moja au anataka asilimia, na jibu lake liingie kwenye karatasi ile ile.

Mzee_wa_Rizimu: Mkirekodi hata kwa simu, weka hapa tusikie. Mimi namtaka huyo mtoto aliyeamka.