Huyu Rutte wa NATO alipigiwa kura na nani?

Mwalimu wa Kibuye:
Wapendwa, nisaidieni. Nafundisha historia hapa Kisumu. Ile Jumamosi ya Februari 15, 2025 nilikuwa Kibuye kwa mama wa samaki, redio iko juu ya kreti, tunahesabu duru za kura kutoka Addis Ababa. Duru mbili za kwanza Raila Odinga wetu aliongoza. Mama akasahau karai, ngege wakaungua. Baada ya duru ya sita Raila akatoka, na Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti akauchukua uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika.

Sasa wanafunzi wananibana: Mark Rutte, aliyekuwa waziri mkuu wa Uholanzi, alipopata ukatibu mkuu wa NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini, alimshinda nani, kwa kura ngapi? Nimetafuta matokeo sijayaona, na sitaki kuwadanganya watoto.

Wa Mumias:
Hutayaona, mwalimu. Kura hazikupigwa. Nchi zote 32 wanachama lazima zikubaliane; moja ikikataa, mambo yamekwama. Rutte alifunga safari hadi Istanbul kumwona Erdogan, rais wa Uturuki, na Hungary ililainika mwisho mwisho. Klaus Iohannis, rais wa Romania wakati huo, naye aliitaka kazi hiyo, akajiondoa Juni 2024. Rutte akaingia Oktoba 1, akimpokea Jens Stoltenberg wa Norway aliyekaa miaka 10.

Tena waambie katibu mkuu haamrishi hata askari mmoja. Kamanda mkuu wa majeshi yao Ulaya huwa jenerali wa Marekani. Yeye ni wa kukalisha wasiopatana mezani mpaka watoke na neno moja. Hiyo Rutte aliizoea nyumbani: Uholanzi hakuna chama kinachopata viti vya kutawala peke yake, kwa hiyo karibu miaka 14 aliongoza serikali za mseto, nne mfululizo.

Nyar Ahero:
Mwalimu, huyo ni mwenzako! Akiwa waziri mkuu alifundisha kwa kujitolea katika shule moja ya The Hague. Na siku ya kukabidhi ofisi, Julai 2, 2024, alipanda baiskeli yake akaenda zake. Picha hiyo ilinigusa sana.

Mwalimu wa Kibuye:
Asanteni sana. Kesho nawapa kipindi kizima wachague kiranja bila kura, na yeyote ana haki ya kukataa. Tuone kama watakubaliana kabla ya kengele.