Shirika la elimu na utamaduni la Afrika Mashariki, makao Arusha: liundwe au lisiundwe?

Mdau wa Njiro: Naunga mkono nchi 8 za Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) kuwa na shirika lao. Katiba ya UNESCO, shirika la elimu, sayansi na utamaduni la Umoja wa Mataifa, iliposainiwa London, 16 Novemba 1945, Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza, haina kiti. Tumeingia Machi 1962, taratibu zimeshapangwa.

Kijenge Juu: Kiti si hoja, ndugu yangu. Angalia walivyoianzisha. Zilisaini nchi 37, lakini katiba ilidai 20 tu ziiridhie, na zikatimia 4 Novemba 1946. EAC huamua kwa maafikiano ya wote. Mkataba wake ulisainiwa Arusha Novemba 1999, ukaanza kazi 7 Julai 2000 baada ya kuridhiwa na zote, nazo zilikuwa 3! Leo mmoja akiikalia hati, saba wanapiga miayo. Andikeni kabisa: nchi 5 zikiridhia, kazi inaanza.

Soweto, Moshi: Na hela? Mwaka 2011 UNESCO ilipiga kura 107 kwa 14 kuipokea Palestina. Marekani ikagoma kulipa, na mchango wake ulikuwa kama 22% ya bajeti. Tukisema kila nchi ilipe sawasawa, Burundi itabeba mzigo wa Kenya na malimbikizo yataanza mwaka wa kwanza. Mchango ufuate pato la nchi, ila asiwepo wa kuzidi 20%.

Mdau wa Njiro: Kamisheni ya Kiswahili ipo Zanzibar, Baraza la Vyuo Vikuu lipo Kampala. Tuongeze mitihani, viwe chini ya paa moja.

Majengo, Moshi: Mitihani hapana! Tulikuwa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa 1971, Baraza letu la Mitihani la Tanzania (NECTA) likaundwa 1973. Huku tulishashika Elimu ya Kujitegemea tangu 1967, wenzetu wana mitaala yao; karatasi moja ingepima nini? Ibara ya 1 ya katiba ya UNESCO inaikataza kuingilia mambo ya ndani ya wanachama, na mitaala ni mambo ya ndani. Letu lishike ulinganifu wa vyeti, tafsiri, nyaraka za kale na urithi. Hayo tu ni kazi ya kutosha.

Kijenge Juu: Ongeza kifungu cha wadaiwa. UNESCO, deni likizidi mchango wa mwaka huu na uliotangulia, nchi haipigi kura. Marekani yenyewe iliipoteza kura yake 2013.

Mdau wa Njiro: Na mwenyeji akidaiwa?

Kijenge Juu: Afungue ukumbi, awashe taa, akae kimya wenzake wakipiga kura.