Naomba ushauri: nafundisha hadithi ya mpanda farasi asiye na kichwa, kidato cha tatu

Mwalimu wa Zamu

Wanajamvi, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa walimu wenzangu wa lugha na fasihi.

Niko shule ya bweni, nasimamia klabu ya usomaji ya kidato cha tatu. Muhula huu tunasoma "The Legend of Sleepy Hollow" ya Washington Irving. Kwa ambaye hajaisoma: ni miaka ya 1790 hivi, kwenye bonde lililo karibu na Tarrytown, kando ya mto Hudson, jimbo la New York. Wenyeji ni wakulima wenye asili ya Uholanzi. Mwalimu mmoja mrefu, mwembamba, Ichabod Crane, anatoka Connecticut kuja kufundisha watoto wao. Anamtaka Katrina Van Tassel, binti pekee wa mkulima tajiri. Anayemtaka pia ni Brom Bones, kijana wa pale pale, mbavu nene na utani usioisha. Na bondeni kuna mzimu wa askari wa Kijerumani aliyeng'olewa kichwa na tufe la mzinga kwenye vita vya uhuru wa Marekani; usiku hupanda farasi kwenda kukitafuta. Ichabod akirudi kutoka karamuni kwa akina Katrina anakutana naye. Kesho yake inaokotwa kofia, pembeni kuna boga lililopasuka, mwalimu hayupo.

Sasa shida. Kiingereza chenyewe ni cha 1820, sentensi moja inaweza kula nusu ukurasa. Niliposoma kurasa za mwanzo darasani, nyuma walishaanza kusinzia. Matroni naye ameshaniuliza kwa nini naleta mambo ya mizimu bwenini, na kuna mzazi amepiga simu. Isitoshe, kuna wajanja wameshaangalia mtandaoni na wanatangazia wenzao kwamba "ni Brom tu yule". Nifanyeje?

Chaki Nyeupe

Mwalimu, pole na hongera. Usianzie mwanzo. Irving anatumia kurasa nyingi kulisifia bonde na usingizi wake. Msomaji mzima ataona raha, kijana wa miaka kumi na sita atalala kweli. Anzia pale Ichabod anapofika shambani kwa mzee Baltus Van Tassel. Anatazama nguruwe anamwona ameshaokwa na tufaha mdomoni. Njiwa anawaona ndani ya mkate wa nyama, mabata bukini yanaogelea kwenye mchuzi wao wenyewe. Halafu mawazo yanahamia kwenye mashamba: atayauza, anunue ardhi porini, ampakie Katrina na watoto kwenye mkokoteni waelekee Kentucky au Tennessee.

Wasomee hapo kwa sauti, taratibu, kisha waulize swali moja tu: huyu bwana anampenda msichana au anapenda ghala la baba yake? Hutawanyamazisha. Wakishamjua kwamba ni mlafi, na kwamba ni mwoga, ndipo urudi nyuma ukachukue aya mbili tatu za bonde.

Kuhusu nakala usiogope, kazi ya 1820 haina tena hakimiliki. Ni kama maneno 12,000, ikate vipande, kila kundi lipewe kipande chake.

Kisiki cha Mpingo

Hivi majini yetu yamekwisha mpaka tuazime mzimu wa Marekani? Pemba kuna hadithi zitakazowafanya hao watoto wasiende chooni peke yao hadi wamalize kidato cha sita.

Mwalimu wa Zamu

Kisiki, za kwetu tulisoma muhula uliopita, ndiyo maana matroni ana hasira za akiba.

Mama Kasuku

Mimi ni mzazi na ni mwalimu wa shule ya Jumapili, kwa hiyo niseme upande huo. Matroni mpe asome kurasa za mwisho, ataona hadithi inamcheka anayeogopa. Ichabod ana kitabu chake cha uchawi wa New England, cha Cotton Mather. Mather alikuwepo kweli, mhubiri wa Boston aliyefariki 1728. Anakisoma jioni nje mpaka giza linaingia, halafu anatembea kurudi anakolala huku kila kimulimuli na kila chura vinamshtua. Baadaye anakaa na wamama wa Kiholanzi wakichoma matofaa mekoni, wanamwongezea hadithi nyingine. Hofu yake ameifuga mwenyewe. Ukilifundisha hivyo, mzazi wa dini gani atakukataza?

Na mwonyeshe tanbihi ya mwisho. Msimulizi anaulizwa kuhusu ukweli wa kisa, anajibu kwamba hata yeye nusu yake haiamini.

Ng'ambo ya Hudson

Nasoma uzi huu nikiwa Yonkers, kusini kidogo ya huko mnakokuzungumzia. Mwambieni mwalimu mahali pale papo, watoto hupenda kujua hilo. Kijiji kilikuwa kinaitwa North Tarrytown, mwaka 1996 wakaamua kukibadilisha jina kiitwe Sleepy Hollow. Kanisa la zamani la Waholanzi lipo. Makaburi yapo, na Irving mwenyewe amezikwa hapo. Daraja la mbao la hadithini halipo tena. Timu za sekondari ya pale zinaitwa kwa jina la huyo mpanda farasi, na ikifika Oktoba usijaribu kutafuta pa kuegesha gari.

Kingine: Irving hakuzaliwa huko, alizaliwa New York mjini mwaka 1783. Alipelekwa Tarrytown akiwa kijana, mwaka 1798, kukimbia homa ya manjano iliyokuwa inaua watu mjini. Hadithi yenyewe aliiandika akiwa Uingereza, baada ya biashara ya familia yao kufilisika. Kwa hiyo yale maelezo marefu ya bonde ni ya mtu aliye mbali na alikotoka. Mimi nikiwa hapa naelewa.

Huyo askari naye msimwite tu Mjerumani mkapita. Uingereza ilikodi wanajeshi wa Kijerumani wapatao 30,000 kupigana na Wamarekani, wengi kutoka Hesse. Kijana amekodishwa na mtawala wake, anakufa ugenini kwenye vita isiyomhusu, hata jina hadithi haimpi. Darasa lenye watoto wa historia litakaa hapo kipindi kizima.

Chaki Nyeupe

Hapo kwenye kukodishwa nimenukuu, asante.

Mjukuu wa Lamu

Hakuna aliyegusa Waafrika waliomo kwenye hadithi hiyo. Wapo. Anayemletea Ichabod mwaliko wa karamu ni mtu mweusi, anayepiga fidla karamuni ni mzee mweusi, na wengine wamejaa madirishani kutazama dansi. Irving anawaeleza kwa dhihaka, macho na meno. Mwalimu, wanafunzi wako watafika kwenye ukurasa huo. Utaufanya nini?

Mama Kasuku

Mimi ningeiruka aya hiyo. Ni klabu ya usomaji, watoto wamekuja kufurahi.

Mjukuu wa Lamu

Usiruke, mama yangu. Watakuja kuiona wenyewe, na watajua mwalimu wao aliificha. Mimi hufundisha hivi: nawaambia New York ya wakati huo ilikuwa na watumwa. Sheria ya kuwaachia polepole ilipitishwa 1799, na utumwa ukafutwa kabisa jimboni tarehe 4 Julai 1827. Yaani hadithi inatoka mwaka 1820 utumwa bado upo. Kisha nauliza: ule utajiri wa Van Tassel, yale maghala yanayomtoa Ichabod udenda, nani alifanya kazi ya kuyajaza? Irving hasemi. Nawapa kazi ya kuandika ile karamu kama alivyoiona mzee wa fidla. Mara zote hizo ndizo insha ninazopenda kusahihisha.

Mama Kasuku

Hiyo ya fidla nimeikubali. Ila waandae kwanza, usiwatupie tu.

Wakili wa Mtaani

Kuhusu hao wanaosema "ni Brom tu": wape kazi wathibitishe. Gawa darasa, upande mmoja umshtaki Brom, mwingine umtetee. Ushahidi umejaa. Brom alishaziba bomba la moshi la shule ya kuimba zaburi anayoiendesha Ichabod, alishaingia darasani usiku akapindua kila kitu hadi Ichabod akadhani wachawi wamefanya mkutano. Alimfundisha mbwa kulia kama anaimba zaburi ili amdhihaki. Karamuni ni Brom mwenyewe anayesimulia kwamba alishindana mbio na mzimu huo na kwamba ulitowekea darajani. Anamwoa Katrina, na kila boga likitajwa anaangua kicheko.

Upande wa utetezi waulize: nani alimwona? Hakuna. Kuna mkulima aliyetoka New York miaka kadhaa baadaye akasema Ichabod yu hai, amekuwa mwanasheria na mwanasiasa. Wale wazee wa kike wanashikilia kwamba alichukuliwa na mzimu. Usitoe hukumu, hata Irving hakutoa. Na ule mti anakoanza kutetemeka, wa Meja André, ni wa mtu halisi: mpelelezi wa Kiingereza aliyekamatwa Tarrytown mwaka 1780 akanyongwa. Hapo ndipo historia inapoingia kwenye hofu ya Ichabod.

Mwalimu wa Zamu

Nashukuru sana wote. Naanza na nguruwe wa Chaki, kesi ya Wakili itakuja wiki ya mwisho, na aya ya karamu sitairuka. Swali moja: wanadai niwaonyeshe filamu. Niwaonyeshe?

Chaki Nyeupe

Ile ya 1999 hapana. Ichabod wameshamgeuza askari wa upelelezi, vichwa vinakatwa ovyo, damu tupu, na matroni atakupeleka kwa mkuu wa shule. Katuni ya Disney ya 1949 iko karibu zaidi na kitabu. Lakini waoneshe baada ya kesi, la sivyo watajibu maswali ya katuni.

Kisiki cha Mpingo

Nimeisoma usiku huu kwa ajili ya uzi huu. Jamaa analala na kula kwa wazazi wa wanafunzi wake, wiki hapa wiki kule, na alipopotea hawakumtafuta sana kwa sababu hakuwa na mke wala deni. Halafu mwenye farasi aliyemwazima akachoma vitabu vyake na kuwatoa watoto wake shule. Walimu, hii mnaiita hadithi ya mizimu?

Mwalimu wa Zamu

Kisiki, njoo siku ya kesi, nakupa upande wa utetezi.