Shoo ya Shela, nauli ni juu yangu: nifikeje na mashine?

Dijei_Kayole
Wadau, nimepata kazi ya udijei hotelini Shela, Lamu, Jumamosi usiku mpaka alfajiri. Nalipwa 35,000, kula na kulala kwao, nauli yangu. Nina kontrola (mashine ya kuchanganyia nyimbo), leptopu na begi la nyaya. Ndege nimeangalia, nikazima simu. Jumatatu asubuhi natakiwa kazini Inda (Industrial Area, Nairobi), sina ruhusa. Nani ameenda kwa bei ya wanyonge?

Mzee_wa_Sahani
Mzigo ndio utakaokumaliza, nauli baadaye. Ndege ndogo za uwanja wa Wilson, Nairobi, kikomo chake huwa kilo 15. Uliza hoteli kama wana deki, yaani mashine za kuchezea nyimbo. Kama zipo, beba hedifoni na flashi mbili zenye nyimbo zilezile, uziformati kwa mfumo wa FAT32, maana deki nyingi za zamani hazisomi exFAT. Unasafiri kama mtalii.

Dijei_Kayole
Nimewauliza, mzee. Mixa na spika zipo, deki hakuna.

Mtoto_wa_Majengo
Basi panda reli. Daraja la kawaida ni 1,500 tangu Januari 2024. Chukua treni ya saa nne usiku, Alhamisi, siyo Ijumaa. Unashuka Miritini, stesheni ya Mombasa, kabla hakujapambazuka, unaingia mjini kwa matatu, unadaka basi la asubuhi: Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe. Hapo bado uko bara, unavuka kwa boti. (Hata wa ndege wanavuka, uwanja uko Manda.) Kitambulisho kiwe mfukoni, vizuizi vya polisi vipo njiani. Basi la moja kwa moja kutoka Nairobi lipo pia, ila kiuno ni chako.

Kurudi ndiko kugumu. Ukimaliza alfajiri, usilale. Basi la asubuhi Mokowe, kisha treni ya saa nne usiku Mombasa, na Jumatatu uko Syokimau, stesheni ya Nairobi, kabla ya jua. Kata tiketi zote mbili leo, wikendi zinaisha haraka.

Binti_Shela
Kakangu, ukifika Mokowe usiku, boti za abiria huzikuti, utakodi nzima peke yako na hapo bajeti imekwisha. Kontrola ifunge kwa nailoni, maji ya chumvi huruka. Na uulize maji: yakiwa yamekupwa, huenda ukashuka yakiwa magotini, begi kichwani. Hiyo “mpaka alfajiri” pia ithibitishe na hoteli. Shela ina misikiti, na muziki wa nje wakati wa adhana hautakupa marafiki.

Mzee_wa_Sahani
Na usitoe hata shilingi kabla mtu wa hoteli hajatuma nusu ya malipo. Mwambie akulipie ndege ya kurudi, aikate kwenye malipo yako kama ni lazima. Akikataa, angalau umejua ni mtu wa aina gani. Ukipata ndege, pawabenki iwe begi la mkononi.

Dijei_Kayole
Nusu imeingia M-Pesa. Ndege amekataa katakata. Shoo sasa inaisha saa tisa, kwa hivyo nitapata hata usingizi kidogo. Tiketi za reli nimekata. Dada Binti_Shela, una nahodha wa kuaminika?

Binti_Shela
Nakutumia namba kwa siri. Mpigie ukiwa bado Witu, usingoje kufika gatini ndipo uanze kubishana bei.